Namba Iliyopigiwa Makofi

Nchi yetu jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Sheria inasema ukilitaja lazima usimame wima mpaka mtu mwingine aliye karibu alitaje pia, na magoti yangu haya nikishayakunja mkekani, kuyanyoosha ni shughuli ya mtu na jirani yake. Kwa hiyo tuseme nchi yetu tu, mtanielewa. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina jeshi, ina bwawa la umeme linalosubiri mvua ipate kibali, na ina kitu ambacho nchi nyingine zote duniani hazina. Sisi tuna namba kubwa kuliko zote. Ya kwetu wenyewe, hatukukopa.

Mimi kazi yangu ni magodoro ya sufi. Shule niliiacha pale mwalimu alipoanza kuchanganya herufi na namba. Nikaona hawa watu bado hawajaamua wanataka nini, nikaenda kwa mjomba wangu kuchambua sufi. Kwa hiyo hisabati nitakayowaambia hapa nimeipata kwa mjukuu wangu Zawena, mtoto wa binti yangu, na nilivyoipokea ndivyo ninavyoitoa. Mkiona mahali imepungua, jueni imedondoka njiani.

Basi. Zamani kidogo, Mlezi wa Taifa, yule wa kwanza, alikwenda kuzindua Chuo Kikuu cha Hisabati. Alikuwa mtu wa watu, mrefu, tumbo lake la heshima, na hakupenda kukaa mahali ambapo anayesema ni mtu mwingine. Lakini chuo ni chuo, lazima mtu asome kitu. Wakamtoa Profesa Sengondo, siku hizo kijana mwembamba mwenye suti ya kuazima, wakamwambia awaonyeshe wakubwa hisabati inavyofanywa. Naye akachagua jambo dogo, wakubwa wasije wakachoka. Alitaka kuwaonyesha kwamba namba hazina mwisho.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nchi ilipopinda. Hawa wasomi wana mtindo wao. Wakitaka kuonyesha kitu hakipo, wanaanza kwa kukubali kwamba kipo. Wanakiacha kitembee kidogo, kinajikwaa chenyewe, kinaanguka, nao wanasema haya, mmeona. Zawena aliponieleza nikaelewa palepale, kwa sababu marehemu mke wangu alikuwa akinifanyia hivyohivyo. Nikimwambia nilikuwa kwa Mzee Mwinchande, haniambii mwongo. Anasema sawa, tuchukulie ulikuwa kwa Mwinchande. Alivaa nini? Mkewe alikuwa anapika nini? Na mbona Mwinchande huyohuyo alikuja hapa kukuulizia? Ikifika hapo nimeshaanguka, hakuna aliyenisukuma. Mwanamke yule angesomeshwa angekuwa profesa, ingawa kwa nchi yetu hilo ni kama kumtukana marehemu.

Basi Sengondo akaandika ubaoni: Tuchukulie kwamba ipo namba kubwa kuliko zote. Akageuka, akaisoma kwa sauti. Mlezi alikuwa amesinzia tangu wimbo wa taifa. Akazindukia kwenye yale maneno ya mwisho, ipo namba kubwa kuliko zote, akafurahi mno, akapiga makofi. Mawaziri wakapiga. Ukumbi wote ukapiga. Bendi ya polisi ikaingiza matarumbeta.

Na itifaki yetu mnaijua. Mkuu akishapiga makofi, jambo limekwisha. Hata dua ikiwa katikati, watu huitikia amina wakachukua viatu vyao.

Mlezi akasimama akashika kipaza sauti. "Nilijua ipo," akasema. "Wakoloni walituficha namba hii. Leo imerudi mikononi mwa wananchi."

Maskini Sengondo alikuwa bado na chaki mkononi na mstari mmoja kichwani. Akafungua mdomo. Mkuu wa itifaki akamshika kiwiko kwa upole akamwambia chakula kipo tayari. Jua halijazama, Sengondo akateuliwa Makamu Mkuu wa Chuo, akapewa gari, nyumba ya kule kilimani, na mtu wa kumfungulia geti. Ubao ule ukatiwa kioo na askari, na yule askari akaambiwa mtu yeyote akija na chaki ampige kwanza, amuulize baadaye.

Tangu hapo hisabati yetu ikawa nyepesi na yenye adabu. Uthibitisho unakwisha pale mkubwa wa chumba anapopiga makofi. Mwanafunzi akiwa mbele ya mhadhiri msaidizi anaweza kuandika ubao mzima mpaka akatoka jasho, kwa sababu mhadhiri msaidizi ni mtu mdogo, na makofi yake hayana nguvu za kusimamisha hata jumlisha. Mbele ya mhadhiri mwandamizi, nusu ubao. Mbele ya profesa mshiriki, mstari. Profesa kamili yeye anaingia, anatamka jambo, anajipigia makofi mwenyewe, anatoka. Kipindi kimekwisha. Zawena aliniambia yuko mmoja wa jiometri amepanda mpaka anapiga makofi akiwa bado ndani ya gari, halafu dereva anakuja kwenye dirisha la darasa kuwaambia vijana leo kimethibitishwa nini. Na dereva naye husahau. Siku nyingine anawaambia tu kwamba kimethibitishwa.

Vijana wenyewe wanasomeshwa kwa bidii, msije mkasema chuo hakifanyi kazi. Wanafundishwa kuisimamisha chaki ghafla bila kuacha alama. Wanafundishwa kumtazama mgeni rasmi viganja huku wanaandika. Wanafundishwa kuinama. Ukimuuliza kijana wetu wa shahada kwa nini jambo fulani ni kweli, hababaiki kabisa. Anakutajia nani alipiga makofi.

Na ile Namba ikajengewa idara. Ipo Idara ya Kuilinda Namba, yenye magari. Ipo Idara ya Kuikaribia Namba, haina magari, ambamo wazee wazima wanahesabu kwa zamu kuifuata Namba kutoka chini. Wanahesabu kweli, siwatanii. Wanafika mbali, mkuu wa idara anastaafu, mkuu mpya anaingia, anasema mwenzake alihesabu vibaya, wanaanza upya, ili naye aonekane kuwa na mchango. Alama ya kujumlisha ikahamishiwa ofisi ya Msajili. Ukitaka kujumlisha moja kwenye kitu kidogo, kama embe, jumlisha tu nyumbani kwako. Kwenye kitu kikubwa unaomba ruhusa.

Mtaniuliza serikali inapata nini kwa yote haya. Inapata uchaguzi. Kila uchaguzi Mlezi anapata kura, idadi yake ni ile Namba. Mpinzani anapata kilichobaki. Akilalamika, mwenyekiti wa tume anamkalisha, anamtilia chai, anamuuliza kistaarabu, ndugu yangu, ulitaka upate kura nyingi kuliko namba kubwa kuliko zote? Hisabati inakataa, si mimi. Mlezi wa kwanza akafa, akaingia mwanawe, na kura za mwanawe zikawa zilezile, hazikupungua hata moja. Nchi jirani wanagombana mpaka wanachomeana maduka. Sisi matokeo tunayajua tangu tumezaliwa, tunalala mapema.

Sasa huyu Zawena.

Zawena amepewa jina la bibi yake, kwa hiyo mimi namwita mke wangu, naye ananiita mume wangu mzee asiyetoa matumizi. Alikuwa na akili tangu mdogo, akili ile ya kukera. Ukimwambia giza limeingia anauliza limeingilia wapi. Akapelekwa chuoni. Kitu alichokuwa anataka ni kimoja tu, kufundisha. Na kwetu bila shahada huruhusiwi kushika chaki mbele ya watu, ni kosa, linakaa kwenye sheria ukurasa mmoja na kukutwa na bunduki. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea ile shahada. Na mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nataka joho. Sioni haya kusema. Nilitaka nimwone mjukuu wangu ndani ya joho jeusi apite nalo mtaani, na yule muuza mabati jirani yangu awepo kibarazani anaangalia.

Likizo yake ya mwisho alikuja nyumbani, tukawa tunajaza sufi magodoro ya harusi ya watu fulani. Akaniambia amekwenda kumwona Sengondo. Yule profesa bado yupo, amekuwa mzee, mwili umeenea kiti chote, na tangu siku ile ya Mlezi hajaruhusiwa kugusa chaki. Anafundisha kwa kukohoa. Zawena akamuuliza, kwa adabu zote, ule mstari uliofuata ulikuwa unasemaje.

Yule bwana akamtazama sana. Akamjibu, "Baada ya pale, binti yangu, palikuwa na wali."

Mimi nikacheka. Zawena hakucheka. Nikamwambia labda mzee wa watu amesahau, miaka imepita, na uzee hauna adabu.

"Hajasahau, babu," akasema. "Anaujua. Anaujua kila anapofunguliwa geti."

Nikaona hatari inakuja. Nikaacha sindano, nikamwambia taratibu kama ninavyowaambia nyinyi. Nikamwambia mke wangu, siku ya mtihani wakipiga makofi, simama. Uweke chaki, uiname, uchukue joho, halafu ukafundishe utakavyo, mlango ukishafungwa nani atajua.

Akashindilia sufi kwa ngumi muda mrefu kidogo. Halafu akaniuliza, "Nitafundisha nini babu, mimi ambaye sijawahi kumaliza kitu hata kimoja?"

Nikamwambia asijaze sana pembeni, godoro litakuwa na nundu.

Mtihani wao wa mwisho unaitwa Siku ya Makofi. Wazazi tunaalikwa. Nilivaa kanzu yangu ya Idi na koti la marehemu shemeji yangu, nikapewa kiti nyuma ya nguzo. Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Elimu ya Juu na Namba, Mheshimiwa Lukindo, mtu mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kwenye paji la uso, sijui ile ya juu ilikuwa inasoma nini. Alitoa hotuba. Akasema hisabati ndiyo roho ya uchumi, na uchumi ndiyo roho ya hisabati, kwa hiyo tuna roho mbili, na mbili ni namba, ambayo inatupa moyo sana. Akasema kijana wa leo asiogope pembetatu, kwa sababu serikali iko pamoja naye pembe zote. Akasema wizara yake imejipanga. Alisema hivyo mara nyingi mpaka nikaamini kwamba kujipanga ndiyo kazi yenyewe.

Vijana wakaanza kupanda. Kijana mmoja, baba yake mkuu wa wilaya, aliandika tarehe tu, Waziri akapiga makofi, akafaulu daraja la kwanza. Binti mmoja alichora duara, Waziri akaliona zuri. Mwingine alifika ubaoni, akaikosa chaki, akainama kuitafuta chini, kule kuinama kukapendeza, akapigiwa makofi akiwa hukohuko chini. Yule sasa ni mhadhiri.

Ikafika zamu ya Zawena. Kwa kuwa alikuwa anaongoza darasa, alipewa heshima ya kuandika lile jambo la Mlezi lenyewe. Mshereheshaji akatangaza, watu wakatengeneza shingo. Akapanda na gauni lake la bluu, mdogo kama kifaranga, akaandika mwandiko wake ule ulionyooka: Tuchukulie kwamba ipo namba kubwa kuliko zote.

Waziri akapiga makofi. Ukumbi ukapiga. Mimi pia nikapiga, na moyoni nikasema basi, mke wangu, weka chaki.

Hakuweka.

Akashuka mstari wa chini, akaandika: Tuiite namba hiyo K.

Mshereheshaji alidhani hakusikia. Akamwambia kwenye kipaza sauti kwamba Mheshimiwa ameshapiga. Zawena akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, amesikia, na chaki ikabaki pale ubaoni. Waziri akaongeza nguvu. Sasa tazameni ujinga unavyojitega wenyewe. Sheria ni kwamba makofi ya mkubwa yanamaliza uthibitisho. Kama haujaisha, basi makofi hayajatosha. Kwa hiyo Waziri hawezi kuacha, maana akiacha itaonekana makofi ya serikali yameshindwa na msichana. Na Waziri asipoacha, nani mwingine ataacha? Manaibu wakapiga, wakuu wa idara wakapiga, bendi ikapiga mpaka yule wa tarumbeta akakaa chini kutafuta pumzi. Wazazi tukapiga. Mikono ikawa myekundu. Mama mmoja mbele yangu akawa anampigia mumewe mgongoni, kwa kupumzisha viganja. Sengondo alikuwa kiti cha mbele kabisa, anapiga macho yamefumbwa, mashavu yanatikisika.

Na Zawena? Ameegemea ubao, anawangoja. Akasema kwa wale walio karibu kwamba mstari wa mwisho anataka ausome kwa sauti, kwa hiyo atasubiri kelele ziishe, hana haraka.

Basi wakatafuta mzazi. Mshereheshaji akanifuata nyuma ya nguzo, jasho linamtoka, viganja vinaenda hewani tu bila sauti, akaniomba mzee wangu njoo uzungumze na mtoto wako, Mheshimiwa ana ndege. Wakaninyanyua watu wawili. Nikatembea mpaka mbele na kanzu yangu, makofi yanalia pande zote kama nimeshinda kitu. Waziri akaniinamia bila kuacha kupiga, akanitolea sauti ya kuvunjika kwamba mzee, shahada iko hapa mezani, joho liko hapa mezani, mwambie aweke chaki tu, tusahau.

Nikaliona lile joho. Limekunjwa vizuri, limewekewa na utepe. Nikapanda ngazi moja, nikapumzika, nikapanda nyingine. Zawena alinitazama kwa macho ya bibi yake. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote, ya baba yake, ya mama yake, ya muuza mabati. Nilipofika yakawa hayapo.

Nikamuuliza, "Umebakiza nini?"

"Mstari mmoja, babu."

"Mrefu?"

"Mfupi sana."

"Basi andika mke wangu. Hawa watu mikono inawauma."

Akaandika. Ongeza moja kwenye K, unapata kubwa zaidi. Kwa hiyo K haikuwa kubwa kuliko zote, na namba ya namna hiyo haipo. Akausoma kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesoma bei ya unga. Na makofi yakaanza kufa yenyewe, kiti kwa kiti, mpaka yakabaki ya Waziri peke yake, halafu na yeye akajikuta amesimamisha mikono hewani, kama amekamata mbu.

Kimya kile sijawahi kukisikia nchini kwetu. Nyuma huko mtu mmoja akasema, "Ee, kumbe." Hakusema kwa ubishi. Alikuwa ameelewa tu.

Sengondo alifumbua macho, akasoma ubao. Midomo yake ikawa inacheza. Nilikuwa karibu, nilimsikia. Akasema, "Ndio huohuo." Mtu akisema hivyo baada ya umri wote ule mnaweza kumhurumia, mimi mwenyewe nilianza kumhurumia. Lakini akageuka upesi kuangalia nani amemsikia, akaanza kupiga makofi tena, peke yake, ubao ukiwa umeshaisha.

Matokeo ya Zawena yakafutwa palepale. Mimi na yeye tukatolewa nje kwa mlango wa jikoni. Baraza la mawaziri likakaa. Likakaa sana, maana walitaka kuelewa, na kuelewa kwao ni safari. Mwisho redio ikatangaza habari njema. Kufuatia utafiti wa kina uliosimamiwa na Mheshimiwa Lukindo, na kutokana na uongozi mzuri wa Mlezi, Namba imekua. Imeongezeka moja. Kura za Mlezi nazo zikaongezeka moja, bila uchaguzi, bila gharama. Tukapewa siku ya mapumziko. Waziri akatunukiwa udaktari wa heshima. Wale wazee wa Idara ya Kuikaribia Namba wakaambiwa waanze upya, kwa sababu sasa ni mbali zaidi.

Zawena akarudi nyumbani kwa sufi. Chaki amekatazwa maisha. Lakini wale wenzake waliofaulu, wenye majoho yao, wakaanza kuja uani kwangu mmoja mmoja, wanajifanya wanataka magodoro. Wanakaa juu ya magodoro ambayo sijashona, wanamuuliza jambo fulani linaishaje. Sheria imetaja chaki, mkaa haikuutaja. Kwa hiyo anawaandikia kwa mkaa ukutani, mpaka mwisho, na ikifika mwisho anayeinua mikono kupiga makofi ndiye anayeulizwa umeelewa wapi na wapi hukuelewa. Yule mhadhiri aliyefaulu akiwa chini alikuja naye. Mara ya kwanza alilia. Ukuta wangu umeharibika vibaya, ila sijasema kitu.

Siku moja likaja gari la chuo. Akashuka Msajili, Bwana Msangule, kijana nadhifu, viatu vinang'aa, kwapani ameshika mfuko. Vijana wakajilaza juu ya magodoro kama wanayapima. Msajili hakuwatazama. Akakaa kwenye kigoda nilichompa, akanywa maji yangu, akasema serikali si adui wa mtu. Serikali imetambua mchango wa binti. Atapewa shahada yake na ruhusa ya chaki. Akafungua mfuko, akatoa joho.

Nililishika. Mimi najua vitambaa. Kilikuwa kitambaa kizuri, kizito, kingo zake za manjano zimeshonwa kwa mkono. Nilikishika muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mzima.

Sharti lilikuwa dogo tu, akasema Msajili. Zawena akubali kwamba aliongeza moja, na hiyo moja ndiyo ya mwisho. Hapo imefika. Apige kofi moja hapahapa mbele yake, yaishe.

Zawena alikuwa anafuta mkaa mikononi. Akauliza, "Na nikiongeza moja nyingine?"

Msajili hakushtuka, inaonekana walishalijadili ofisini. "Hiyo itakuwa shahada ya uzamili."

"Na nyingine?"

"Uzamivu."

"Na nyingine juu ya hapo?"

"Hapo sasa tunaingia uprofesa mshiriki," akasema, na nikaona uso unamchangamka, kwa sababu ngazi za vyeo ndizo hisabati anayoijua. Akaanza kupanda mwenyewe bila kuulizwa. Profesa kamili. Mkuu wa idara. Makamu Mkuu. Katibu Mkuu. Naibu Waziri. Waziri. Halafu Mlezi.

"Na Mlezi mwenyewe akitaka kupanda, kaka?" akamuuliza Zawena, sauti laini kabisa, sauti ya bibi yake akiuliza habari za Mwinchande.

"Anaongezewa cheo kipya juu. Mwaka jana alikuwa Mlezi, mwaka huu ni Mlezi Mkuu, mwakani kuna jina lingine linaandaliwa."

"Na likishaandaliwa, lile likawa lake?"

"Tunatengeneza jingine."

"Hakuna siku litakosekana la juu zaidi?"

"Litakosekanaje?" Msajili akasema kwa fahari, amenyoosha mgongo. "Popote alipofika, tunaongeza moja. Hilo haliwezi kwisha."

Nilimwona anayarudia yale maneno yake kichwani, anatafuta pa kuyashikia, na hakuna aliyemsukuma. Akapiga kofi moja upesi, kama mtu anayefunga mlango mvua inaingia. Halikufunga kitu. Akapiga jingine.

Zawena akachukua joho mikononi mwangu. Nililiachia, japo vidole vilichelewa. Akalikung'uta, akamzungukia Msajili nyuma, akamvisha taratibu, akamnyoosha mabega, akamfunga kifungo cha shingoni.

"Hongera," akamwambia. "Umemaliza mwenyewe, hukusaidiwa. Umefaulu."

Wale vijana kwenye magodoro hawakupiga makofi. Msajili akasimama, akatutazama, akatoka. Gari lake dereva alikuwa amelihamisha kivulini mbali kidogo, kwa hiyo ikabidi atembee na lile joho barabarani, kifungo kimekataa kufunguka. Na watu wa mtaani kwetu ni watu wa adabu. Walipoona joho, yule muuza mabati akaanza, wengine wakafuatia, wakampigia makofi kwa nguvu zote. Na yeye, kwa mazoea ya kazi, akasimama. Hatua moja akiinua, wanapiga, anasimama tena. Nilikwenda kunawa mikono, nikarudi, nikamkuta bado yupo palepale.